Kazi za Mikono: Ukuta Usiotiwa Saruji

Yuko fundi asiyekuwa na mwiko, asiyekuwa na karai la zege, wala hangoji lori la saruji lifike. Vyombo vyake ni nyundo, mtaimbo, sepetu, uzi na vigingi vya kuufungia uzi huo. Na vitu anavyojengea ni mawe yaliyotapakaa shambani tangu kabla yeye hajazaliwa. Kazi yake ni kujenga ukuta wa mawe makavu, nao huitwa hivyo kwa sababu baina ya jiwe na jiwe hapana chokaa, hapana udongo, hapana maji. Ukuta husimama kwa uzito wake wenyewe na kwa jinsi kila jiwe lilivyokazwa na majirani zake. Ukijengwa vema waweza kudumu miaka mia na zaidi. Ukijengwa vibaya huporomoka kabla ya masika ya pili, na kila apitaye njia huuliza ni kazi ya nani.

Askari aliyepata kutumikia upande wa Kisoro, kusini magharibi mwa Uganda, bila shaka ameziona kuta za namna hii bila ya kuuliza habari zake. Chini ya milima ya Muhabura, Gahinga na Sabinyo mashamba yamejaa mawe meusi yaliyomwagwa na volkano, na mkulima hawezi kutia jembe mpaka kwanza ayaokote na kuyapanga mpakani. Hata jina la Gahinga lenyewe huelezwa kuwa latokana na marundo hayo ya mawe. Lakini mojawapo ya nchi ambazo ufundi huu umefanywa somo hasa, lenye walimu, mitihani na vyeti, ni Uingereza. Na kwa kuwa wanaojifunza huko wengi si wakulima, bali ni watu wa mijini, watu wa ofisini na wastaafu, inafaa kutazama ni kitu gani wanachokitafuta kwenye mawe.

Ukuta wa kawaida wa kaskazini ya Uingereza, kwa hakika, si ukuta mmoja bali ni kuta mbili zinazoegemeana. Kwanza huondolewa udongo wa juu, kina cha kiganja hivi, mpaka ifikiwe ardhi ngumu. Hapo hulazwa mawe makubwa kuliko yote, safu mbili, upana wake kwa jumla ukiwa kiasi cha sentimita 70. Juu ya msingi huo nyuso mbili za ukuta hupanda pamoja, moja upande huu na nyingine upande ule, zikijiinamisha ndani kidogo kidogo, hata ukifika juu, kimo cha kifua cha mtu mzima, upana umepungua ukawa nusu tu ya ule wa chini. Mafundi hutengeneza kiunzi cha mbao chenye umbo la ukuta ulivyokatwa, wakakisimamisha mwanzo na mwisho wa kazi, na baina ya viunzi hivyo hukaza nyuzi ambazo hupandishwa kila kozi moja ikimalizika.

Katikati ya nyuso mbili kuna nafasi, na nafasi hiyo ndiyo moyo wa ukuta. Hujazwa vijiwe vidogo, kimoja kimoja, kwa mkono. Mwanafunzi mvivu hukomba vijiwe kwa sepetu akavimwaga kama mchanga, na kwa nje ukuta wake hupendeza sawa na wa mwenziwe. Tofauti hudhihiri baada ya miaka michache: vijiwe visivyokazwa hushuka, nyuso mbili zikakosa kitu cha kuegemea, na ukuta hufura tumbo mfano wa gunia, kisha ukapasuka. Walimu wa kazi hii hukagua moyo wa ukuta kabla ya kuutazama uso wake.

Sheria zilizobaki ni chache, nazo hukaririwa mpaka zikawa mazoea. Jiwe moja hukaa juu ya mawili, na mawili juu ya moja, ili maungio yasifuatane kwenda juu, kwa maana maungio yakifuatana ni ufa uliojengwa kwa makusudi. Urefu wa jiwe huingia ndani ya ukuta, haulazwi kufuata uzi. Na hapo ndipo wanafunzi karibu wote hukosea siku ya kwanza, kwa kuwa jiwe lililolazwa kwa urefu wake huziba nafasi kubwa ya uso na kumpa mtu furaha ya haraka. Kimo cha goti kikipita kidogo, kama sentimita 60 toka chini, huwekwa mawe marefu yanayovuka toka uso mmoja hata wa pili, nayo ndiyo yanayozifunga kuta mbili zikawa moja. Mwisho huja mawe ya kichwa, yaliyosimamishwa kwa ubavu na kubanwa kama vitabu kwenye rafu, yakaulemea ukuta wote na kuukaza.

Fundi wa mjini aliyezoea matofali huuliza mara moja: kwa nini isitiwe saruji, ingawa kidogo? Jawabu ni kwamba saruji ingeudhuru. Mvua ikinyesha, maji hupita katika ukuta mkavu na kutoka upande wa pili, hayatuami ndani. Majira ya baridi kali, maji yaliyotuama huganda yakawa barafu, yakatanuka na kuvunja kila kilichoyafunga. Tena ardhi ya shambani haitulii: hunywea wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua. Ukuta wa saruji hupata ufa, bali ukuta mkavu husogea pamoja na ardhi, na kwa miaka michache ya kwanza huzidi kukaza. Ukianguka, mawe yake yote yapo pale pale miguuni pake, tayari kujengewa tena. Hakuna kilichopotea isipokuwa jasho.

Historia ya kuta hizi, hata hivyo, si ya kupendeza kila mahali, na vitabu vingi vya picha za mashambani huipita haraka mno. Sehemu kubwa ya zile kuta ndefu zilizonyooka, zinazopanda milima ya kaskazini kama mstari wa rula, zilijengwa baina ya mwaka 1750 na 1850, wakati Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria nyingi za kuigawa ardhi iliyokuwa malisho ya kijiji kizima. Aliyekuwa na hati akapewa kiwanja chake na kutakiwa akizungushie ua. Asiyekuwa na hati, ambaye babu yake alichunga pale ng'ombe mmoja na kondoo wawili, akaambulia kazi ya kibarua, pengine kazi hiyo hiyo ya kuujenga ukuta uliomtoa. Kabla ya hapo, mwaka 1724, huko Galloway, kusini magharibi mwa Uskoti, wakulima waliofukuzwa ili ng'ombe wa mabwana wapate malisho walijikusanya makundi makundi wakaziangusha kuta mpya hata chini. Serikali ikapeleka askari wapanda farasi kuwazima.

Ni Galloway hiyo hiyo iliyokuja kuokoa ufundi wenyewe. Hadi katikati ya karne ya 20 waya wa miba ulikuwa umezidi kuwa rahisi, vibarua wa mashambani walikuwa wamepungua, na wazee waliojua kujenga walikuwa wakifa bila ya kuwafundisha vijana. Mtu mmoja wa jeshi, Kanali F. Rainsford-Hannay, mwenyeji wa Galloway, alikusanya maarifa ya wajenzi hao, na mwaka 1957 akatoa kitabu kinachoeleza kuta na namna ya kuzijenga. Mwaka 1968 kikaundwa Chama cha Wajenzi wa Kuta za Mawe Makavu cha Uingereza, ambacho kingali hai, chenye matawi katika majimbo. Hapo Galloway wana ukuta wa namna ya pekee: nusu ya chini hujengwa nyuso mbili, na nusu ya juu ni safu moja tu ya mawe makubwa yaliyoachiwa matundu, hata mbingu huonekana kwa upande wa pili. Wenyeji husema kondoo huuogopa ukuta huo kwa sababu akiona mwanga kati ya mawe hudhani utamwangukia. Mvumbuzi wake, awaye yote, alimjua kondoo vizuri kuliko alivyoyajua mawe.

Kazi iliyobaki ni kubwa. Katika bonde na milima ya Yorkshire Dales peke yake kuta zinapita kilomita 8,000, na Uingereza nzima hazihesabiki kwa urahisi. Fundi wa mshahara, mwenye nguvu na mazoea, hujenga mita mbili au tatu kwa siku. Na mita moja tu ina mawe ya kiasi cha tani moja na nusu au zaidi, ambayo kila moja imepitia mikononi mwake.

Mgeni wa kazi hii aghalabu huanza kwa mafunzo ya siku mbili, Jumamosi na Jumapili, penye pengo la ukuta ulioanguka. Hufika akidhani atajenga. Nusu ya siku ya kwanza hubomoa. Mawe yote hutolewa na kupangwa kwenye majani kwa utaratibu usiobadilika: ya kichwa mbali kabisa, ya kufunga karibu yake, ya kujengea yakafuata, na vijiwe vya moyo katika marundo yao, huachwa njia ya kupitia kando ya msingi ili mtu asijikwae. Ndani ya ukuta wa zamani mara nyingine huokotwa kipande cha kiko cha udongo au chupa iliyoachwa na fundi aliyekaa pale kula chakula chake miaka mia mbili iliyopita. Vitu hivyo hupita mkono kwa mkono, na watu ambao asubuhi hawakujuana hata kwa jina huanza kuzungumza.

Mtu asidhani kwamba kazi hii yataka misuli mingi kuliko akili. Jiwe zito halibebwi likiweza kubingirishwa, wala halinyanyuliwi likiweza kupandishwa kwa ubao. Na mgongo hunyooka, miguu ikafanya kazi. Kwa hiyo wanawake wamo, na wazee wamo. Iko kanuni moja inayorudiwa na walimu: jiwe likishaokotwa lisirudishwe chini, bali litafutiwe mahali pake. Anayeanza hulichukua jiwe, akaligeuza, likakataa, akalitupa, akachukua jingine, na jioni amenyanyua tani mbili bila ya kujenga kitu. Aliyezoea hutazama kwanza pengo, akaliweka umbo lake kichwani, kisha hutembeza macho kwenye majani, na mkono wake hushuka mara moja tu.

Lakini jambo linalowarudisha watu mwezi baada ya mwezi, katika mvua na upepo ambao mwenyeji wa nchi za joto angeukimbia, limo katika umbo la ukuta wenyewe. Nyuso ni mbili, kwa hiyo wajenzi ni wawili, mmoja kila upande, wakitazamana. Hawezi mmoja kupanda zaidi ya mwenziwe, maana moyo wa katikati utamwagika. Akitangulia hana budi kungoja, na anayengoja huongea. Tena jiwe la kufunga ni lazima lishikwe na wote wawili, huyu akisukuma na yule akipokea, na kila mmoja aeleze aonalo upande wake, kwa kuwa upande wa pili hauonekani. Baada ya siku mbili za namna hiyo daktari na dereva huagana kwa majina, wakaulizana tarehe ya kukutana tena. Matawi ya chama huendesha siku za kazi na mashindano, ambapo kila mshindani hupewa kipande chake cha ukuta akibomoe na kukijenga upya kabla ya jua kushuka. Apendaye kuendelea hufanya mitihani ya ngazi nne, ya kwanza kwa wanaoanza na ya mwisho ya fundi bingwa, na mtihani haufanywi kwa kalamu.

Si vigumu kufahamu kwa nini aliyekwisha vua sare hupata nafasi yake hapo. Mtu aliyeishi miaka ishirini kwa tarumbeta ya alfajiri, kwata, zamu na chakula cha pamoja, akirudi nyumbani na kiinua mgongo chake, hukuta nyumba iliyokwisha jifunza kuishi bila yeye. Mke ana taratibu zake, watoto wana mambo yao. Hukaa kitini barazani. Na mke, ambaye alimngoja miaka yote hiyo, hujiuliza amsemeshe nini. Kwa mtu wa namna hiyo mazungumzo ya kukaa uso kwa uso ni mzigo, lakini mazungumzo ya juu ya ukuta, mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwenye jiwe, huja yenyewe. Kuna kozi ya kumaliza kabla ya mvua, kuna mkubwa wa kazi anayekagua, kuna wenzake wa kulia na kushoto. Na jioni akirudi anayo habari ya kusimulia.

Jambo moja lafaa kusemwa bila ya kuficha. Ukuta ni mkate wa fundi wa mshahara. Kikundi cha kujitolea kikijenga bure mpaka wa tajiri awezaye kulipa, kinamnyang'anya mtu riziki yake. Inafaa zaidi mikono ya kujitolea iende kwenye ardhi ya watu wote, njia za wapita kwa miguu, makaburi ya zamani, na kuta ambazo bila wao zisingejengwa kabisa.

Ufundi huu haukai Uingereza peke yake. Katika visiwa vya Aran, magharibi ya Ireland, wakulima hawakuwa na mbao za kutosha kwa malango, basi wakaacha pengo na kulijaza mawe mepesi. Ng'ombe akitaka kuingia mawe hushushwa, akishapita hurudishwa. Katika kisiwa cha Inis Oírr hufanywa sikukuu ya mawe kila Septemba, na wajenzi huja toka nchi mbalimbali kujenga pamoja. Mwaka 2018 UNESCO iliuandika ufundi wa mawe makavu wa mataifa manane ya Ulaya katika orodha ya urithi wa maarifa ya wanadamu, na mwaka 2024 mataifa mengine matano yakaongezwa, Ireland ikiwamo.

Mwaka huo huo wa 2018 shirika hilo liliandika pia katika Urithi wa Dunia boma la Thimlich Ohinga, lililoko kaunti ya Migori nchini Kenya, si mbali na Ziwa Victoria. Hudhaniwa lilijengwa karne ya 16. Kuta zake, nyingine zikipita kimo cha mita nne, hazina tone la udongo wa kuunganishia; zina uso wa nje, uso wa ndani na mjazo wa katikati, kwa hesabu ile ile ya Yorkshire, ingawa wajenzi wake hawakupata kusikiana. Milango ni mifupi ili aingiaye ainame, na askari yeyote ataelewa faida yake bila ya kuelezwa. Na Wakonso wa kusini mwa Ethiopia, ambao nchi yao iliandikwa mwaka 2011, wamezishika ngazi za mawe za mashamba yao kwa vizazi zaidi ya ishirini, kwa kazi ya ujima. Kuta nyingine huko hufika mita tano.

Karibu zaidi na nyumbani ni ule ukuta wa nyati. Mpakani mwa mbuga ya sokwe ya Mgahinga, pale Kisoro, na kwa upande wa Rwanda kandokando ya mbuga ya milima ya Virunga, wananchi wamepanga mawe ya volkano bila saruji ili nyati wasiingie katika viazi, mahindi na maharage. Nyati mmoja usiku mmoja aweza kumaliza chakula cha jamaa nzima, na mkulima akitoka gizani kumfukuza huhatarisha maisha. Nyati hahitaji ukuta mzima uanguke. Hutafuta mahali mawe ya kichwa yameshuka, akapita hapo. Kwa hiyo ukuta huo hautaki wajenzi tu bali wakaguzi, wenye kutembea urefu wake baada ya kila mvua kubwa.

Kwa jamaa wanaotaka kujaribu nyumbani, mathalani kuzuia udongo wa bustani ya mboga usichukuliwe na maji, inatosha kuanza na kimo cha goti. Ukuta wa kuzuia udongo hujengwa uso mmoja, ukiegemea mlima, na nyuma yake hutiwa kokoto nyingi ili maji yapate njia. Jiwe lililolala muda mrefu lisiinuliwe kwa vidole. Lipinduliwe kwa mtaimbo, upande wa wazi ukielekea mbali na miguu, kwa sababu nyoka na nge hupenda kivuli chake. Viatu vya jeshi vilivyochakaa vyafaa sana. Watoto wakae mbali na mawe makubwa, lakini vijiwe vya moyo waweza kuviokota wao, na vidole vyao vidogo huvifikisha mahali ambapo mkono wa baba haupiti. Pengo la mita moja, kwa watu wanne na mawe yakiwa yamekwisha pangwa chini, ni kazi ya asubuhi moja.